Mkono Usioachia

9 Februari

Mdogo wangu,

Najua utashangaa kupata barua wakati jana tu tumeongea kwa simu. Ile simu si mazungumzo. Mama anataka sauti ifunguliwe naye asikie, basi mimi nasema "tuko salama", wewe unasema "tunamshukuru Mungu", mama anauliza kama umekula, imeisha. Sasa hivi amesinzia, nina nusu saa na kalamu. Nitakuandikia ya kweli.

Kiharusi chenyewe kimepita. Mguu unatembea, mdomo umerudi mahali pake, na maneno, kama unavyoona, sijapungukiwa. Kilichobaki ni mkono wa kushoto. Haujapooza. Ungepooza ningejua la kufanya nao. Una nguvu kuliko zamani, ila haunisubiri. Ukiona kitu karibu unakishika, na ukishakishika hauachii. Mimi nasema "achia", moyoni na kwa mdomo, mkono unakaa pale pale kama haujanisikia.

Juzi alikuja mwalimu mkuu kuangalia sare za shule yake. Nikaona bora nimpime na shingo ya shati lake, mkono wa kulia umeshika utepe, wa kushoto ukaiona tai. Mdogo wangu, tulisimama pale dakika saba, mimi na mwalimu mkuu, uso kwa uso kama watu wanaotaka kuoana. Mpaka Bi Vifungo, yule shoga yangu mwenye duka la vifungo na uzi hapo jirani, alipokuja kunibandua vidole kimoja kimoja. Mwalimu ni mtu mwema, alisema hakuna neno. Lakini kitambaa cha sare alichoahidi kuleta hajakileta.

Kwenye cherehani ni hivyo hivyo. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa, sasa unakikamata na kukikunja, sindano inapita juu ya mafundo. Nimeharibu kola sita wiki hii.

Na mama, unajua hasimami mwenyewe tangu mwaka juzi. Asubuhi nasimama mbele ya kitanda, nashika mikono yake yote miwili, tunahesabu moja, mbili, tatu, ananyanyuka. Kisha bafuni, kwenye kigoda. Kisha moja, mbili, tatu tena. Kisha kwenye kiti cha dirishani. Ukihesabu mpaka jioni ni mara kumi na nne. Mwaka wa kumi na moja huu naishi naye, wewe unajua. Sikulaumu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Naomba uje. Wiki mbili tu. Sitaki zawadi wala dawa, nataka mtu ahesabu moja, mbili, tatu badala yangu, nami nilale mpaka nichoke kulala.

Ni mimi dada yako.

Mama bado anakuita Bwana Kesho, kwa zile ahadi zako za kuja. Anakusalimu.


21 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya lifti, ghorofa ya tisa, nikingoja mwenzangu awashe umeme chini. Nilicheka kwa ajili ya tai, kisha sikucheka.

Nataka nikueleze kitu maana huku kazini ndiyo mambo yetu. Watu wanadhani breki ya lifti hushika ukiiambia ishike. Sivyo. Breki hushika yenyewe, kwa springi, muda wote. Kazi ya umeme ni kuifungua, lifti iende. Umeme ukikatika, springi inabana na lifti inasimama ilipo, hata kama ndani yuko waziri. Nadhani mkono wako umekuwa hivyo. Kushika ni springi. Kuachia ndiko kunakohitaji umeme, na waya umekatika mahali fulani kichwani. Si wewe, dada. Ni waya.

Nimekutumia kipande cha mpira wa mshikio, tunavifunga kwenye kuta za lifti ili watu washike. Uupe huo mkono uushike. Mkono wenye kitu hautafuti kingine.

Kuhusu kuja, nimemwambia msimamizi. Amesema likizo zote zimesimamishwa mpaka tumalize jengo la benki. Lakini penye nia pana njia. Mwezi wa nne nakuja, nakwambia. Nia ninayo, dada, Mungu anaiona.

Mwambie mama nimekula.

Mdogo wako.


10 Machi

Mdogo wangu,

Mpira umefika na umefanya kazi. Mkono umeushika tangu Jumatatu na umetulia, nashona kwa mkono mmoja pole pole. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulei mama, lakini unashona vifungo. Bi Vifungo anasema mpira huo niuvishe nguo nimpe na jina.

Wakati wa kumwinua mama nauweka kando, maana hapo mkono una cha kushika. Ukimshika mama ni salama kabisa, hautelezi, hauchoki. Kazi ni kuutoa baadaye. Mama anakaa na mkono wangu dakika tano, kumi, ananiambia, "Leo unanipenda sana." Ana maneno yule.

Nilikwenda kwa daktari wa ubongo. Kijana mdogo, ana subira. Akaweka kalamu mezani akaniambia nisiishike. Nikaishika. Akaniambia niiache. Nikajaribu mpaka jasho likanitoka. Kisha akageuka, akaanza kuniuliza bei ya kushona suruali ya mtoto, nami nikaanza kumwambia, na katikati ya maneno kalamu ikaanguka yenyewe. Akasema, "Umeona? Uliposhughulika na mengine, ikatoka."

Akanichorea kichwa kwenye karatasi. Akasema mbele, katikati, kuna sehemu inayozuia mikono isishike kila inachokiona mpaka mwenyewe umenuia. Yangu imejeruhiwa upande mmoja. Halafu akasema kitu kimenikaa. Akasema hata kwa watu wazima wa afya, kuna majaribio yamefanywa, ubongo huanza kujiandaa kabla mtu hajajua kwamba ameamua. Muda mdogo sana, chini ya sekunde moja. Mkono unakuwa njiani, ndipo wewe unajiambia: nimeamua.

Nikamuuliza, "Sasa daktari, aliyeamua ni nani?" Akacheka, akasema swali hilo watu wanaligombania hata huko kwenye vyuo vyao. Yeye alicheka, mimi nilirudi nalo nyumbani.

Nimechoka, mdogo wangu. Si uchovu wa kulala ukaamka nao haupo. Jana niliweka chumvi kwenye chai ya mama mara mbili, na mara ya pili nilijiona nikiiweka. Mama aliinywa. Akasema, "Ya leo ina habari."

Mwezi wa nne nimeuzungushia duara kwenye kalenda. Mama ameuona. Kila asubuhi nikimwinua ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Dada yako.


3 Aprili

Mdogo wangu,

Simu haikupatikana. Mama ameanguka jana asubuhi bafuni, wakati wa kumwinua kwenye kigoda. Nyonga ya kushoto imevunjika. Yuko hospitali, wamesema watamtia chuma kesho kutwa. Mkono ulimwachia.

Bi Vifungo alisikia kelele akaja, ndiye aliyenibandua vidole kutoka kwa mama, kisha akakimbia kutafuta gari.

Ukipata barua hii piga simu ya Bi Vifungo.

Dada yako.


11 Aprili

Dada yangu,

Tumeongea kwa simu lakini ulikuwa unalia na mimi siwezi kusema kitu mtu akilia. Kwa hiyo naandika.

Si wewe. Nataka ulisome hilo mara mbili. Si wewe, ni mkono. Hata daktari wa mifupa amemwambia Bi Vifungo hivyo hivyo, eti mama mwenyewe ndiye aliyewaeleza pale mapokezi: "Ni mkono wake mgonjwa, uliniachia." Kama mama mwenye nyonga hana neno, sisi wengine tutasema nini? Kosa ni kunuia. Wewe hukunuia. Mtu hashtakiwi kwa kiharusi.

Umebeba peke yako miaka yote hii na hakuna aliyewahi kusikia umeinua sauti. Ningekuwa karibu ningekupigia magoti.

Nilikuwa na tiketi ya tarehe kumi na nne, kama nilivyomwambia mama kwa simu. Msimamizi ameniita jana, lifti ya benki imekwama na watu ndani, wateja wamelalamika, hakuna anayeruhusiwa kutoka. Nimemwambia mama yangu amevunjika. Amesema pole. Mwezi wa sita, dada. Mwezi wa sita hata wakinifukuza.

Mdogo wako.


25 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amerudi nyumbani tangu Jumanne. Chuma kimeingia vizuri. Halii, haombi, anatazama dirishani. Kigoda nimekitupa.

Watu wanakuja kutwa. Wakimaliza kumpa mama pole wananigeukia mimi, wanautazama mkono wangu, wanasema, "Usijilaumu, dada." Mke wa mchungaji ameushika mkono wenyewe akauombea. Mkono ukamshika naye, tukakaa. Mwalimu mkuu ameleta kitambaa, jora mbili nzima, kwa huruma. Sijawahi kupata kazi nyingi hivi.

Sitaki uniandikie tena habari ya si wewe, si wewe. Wewe ukiniandikia, andika habari za huko. Andika habari za lifti.

Mwezi wa sita sijauzungushia kitu.

Dada yako.


6 Mei

Dada,

Umesema niandike habari za lifti. Basi hii ni ya lifti.

Jana tulikuwa chini kwenye shimo la lifti iliyokwama kwa breki. Springi imebana, umeme haufungui. Mwenzangu ni mgeni kazini, akaogopa kusimama pale, akasema lifti itatuangukia. Nikamwambia, hofu yako ni ya bure, breki isiyofunguka haiangushi lifti. Inaweza kukukwamisha wiki nzima lakini haikuangushi. Kinachoangusha ni breki iliyofunguka.

Nikasikia ninavyosema, nikashusha tochi. Mwenzangu akadhani nimeona nyufa.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Mwezi wa tatu umesema ukimshika mama ni salama kabisa, mkono hautelezi. Barua ya mwezi wa nne ina mistari michache tu. Umesema mkono ulimwachia. Kisha, mistari miwili chini, umesema Bi Vifungo alikubandua vidole kutoka kwa mama.

Dada, mkono ulioachia haubanduliwi.

Mimi si polisi. Sikuulizi kwa ubaya. Labda nimekosea, mimi ni fundi wa vyuma, siyo wa watu. Kama hutaki kujibu usijibu, nitaichana barua hii kichwani mwangu na hutaisikia tena.

Mdogo wako.


17 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki tano. Nimeanza kukujibu mara nyingi, nikachana. Wewe na macho yako ya kutafuta nyufa. Utotoni ulikuwa unafungua redio ya baba na huirudishi. Hii umeifungua, haya, tazama ndani.

Asubuhi ile hakukuwa na jambo. Nataka ujue hivyo, maana wewe utatafuta jambo. Mama hakunitukana. Maji hayakuwa ya baridi. Nilimwogesha, nikamfuta mgongo, nikasimama mbele yake, nikashika mikono yake yote miwili. Akasema, "Leo tarehe mbili. Bado siku kumi na mbili mwanangu aje. Akija nyumba itakuwa na mtu."

Nikasema moja. Nikasema mbili. Nikasema tatu. Akanyanyuka, yuko katikati, uzito wote kwangu. Na mkono wangu wa kulia ukafunguka.

Wa kulia, mdogo wangu. Mzima. Ule ninaoandikia barua hii.

Ukafunguka pole pole. Haukuteleza. Nimekuwa fundi wa kushona miaka ishirini na sita, najua kitambaa kilichoniponyoka na kitambaa nilichokiacha. Nikauona unafunguka. Wa kushoto, ule mbovu, ndio uliobaki umemshika. Ulimng'ang'ania mama mpaka akaning'inia upande mmoja, akageuka, akaangukia ubavu, na bado ukamshika. Alipokuwa chini sakafuni analia, mkono wa kushoto ulikuwa bado kwake. Ana alama za vidole vinne kwenye kifundo cha mkono mpaka leo. Watu wakiziona wananionea huruma mimi, wanasema mkono ule una nguvu za ajabu.

Sasa niambie, nilinuia? Wewe umesema kosa ni kunuia. Nimejiuliza kila siku. Sikusema moyoni "sasa namwachia". Sikutaka aumie, haki ya Mungu. Lakini siwezi kuapa kwamba nilishangaa. Mkono ulipofunguka nilisikia kitu, nacho hakikuwa hofu. Kilikuwa kama kuweka ndoo chini. Hofu ilikuja baadaye, alipokwishafika sakafuni. Daktari amesema ubongo huanza kabla mtu hajajua. Basi labda ulianza tangu mwaka jana. Labda ulianza siku ya kwanza wewe ulipoandika "nakuja" na mama akanivalisha gauni jipya la kukupokea, na hukuja.

Nilikuwa tayari kusema. Pale hospitali, mapokezi, daktari aliuliza imekuwaje, nikafungua mdomo. Mama akiwa kwenye machela akatangulia: "Ni mkono wake mgonjwa." Akanitazama. Ni yeye aliyekuwa ameshikwa, mdogo wangu. Anajua ni mkono upi uliobaki na upi uliotoka. Hajasema tena. Mimi sijasema. Tunahesabu moja, mbili, tatu kila siku, yeye na chuma chake, mimi na mikono yangu, na siku hizi wa kulia ndio ninaouogopa.

Watu wote wananisamehe kosa la mkono wa kushoto, ambao haukukosa kitu. Hilo limenichosha kuliko vyote.

Sasa unajua. Ukitaka kunichukia una sababu. Ila usimwambie mama kwamba unajua.

Dada yako.


26 Juni

Dada,

Sikuchukii. Nimekaa kwenye ngazi za jengo nikiwa na barua yako mpaka walinzi wakaniuliza kama naumwa.

Nami nitafungua yangu, maana haifai wewe usimame peke yako uwanjani.

Likizo sijawahi kunyimwa. Napewa kila mwaka siku ishirini na nane. Hakuna aliyezisimamisha. Msimamizi wangu ni mzee mpole, mwezi wa nne alinifuata mwenyewe, akaniambia nenda kamtazame mama yako, nikamwambia dada yangu yupo, anatosha.

Likizo nazimaliza chumbani kwangu. Nalala, naamka, nasikiliza redio, nafua. Mara mbili katika miaka hii nimekata tiketi kweli. Mara moja nilipanda basi, nikakaa kiti cha dirishani, begi miguuni, nikakuwazia unavyofurahi. Dereva akawasha injini. Nikajiona nimesimama, nimeshuka. Sikuamua, dada. Au niliamua zamani, miguu ikawa inajua, mimi ndiye niliyekuwa sijaambiwa. Nilirudi chumbani nikaandika barua: nakuja mwezi ujao. Na nilipoiandika niliiamini.

Nilichoogopa nitakitaja ili nacho kiwe nje. Niliogopa nikija utanikabidhi. Utasema "sasa zamu yako", nawe utakuwa na haki. Kwa hiyo nikawa natuma nia. Nia haina uzito, dada, unaweza kutuma nyingi kwa stempu moja.

Umeniuliza kama ulinuia. Sijui. Ninachojua ni kwamba wewe mkono wako umefunguka mara moja baada ya miaka kumi na moja. Wangu haujawahi kushika.

Usimngojee Bwana Kesho. Usizungushe kitu kwenye kalenda, usimwambie mama. Nikifika ndipo nimefika.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Sina nguvu ya kukasirika leo, nitakasirika ukiwa hapa.

Njoo.

Dada yako.


19 Julai
Kwa Bi Vifungo

Mdogo wangu,

Najua uko nyumba ya tatu kutoka hapa na ningeweza kuja kukwambia kwa mdomo. Lakini tumeshazoea karatasi, na tena ukiniona utaniuliza sabuni iko wapi. Sabuni iko nyuma ya ndoo ya bluu. Dawa ya mama ya saa nne haipewi kabla hajala. Usimwinue kwa makwapa, mwinue kwa mikono, na umngoje atangulie kuhesabu, hapendi kushtukizwa. Ule mshikio wa lifti uliofunga bafuni ni mzuri, lakini ushushe kidogo, amepungua urefu.

Nilikasirika nawe siku nne nzima, unajua, ulisikia. Sufuria ile niliirusha kwa mkono wa kulia. Lakini jana nilipokuona umepiga magoti unamkata mama kucha, ulimi nje kama ulivyokuwa ukifungua redio, nikaona sina hasira ya siku ya tano. Nimechoka mno kuikusanya.

Nataka nikuandikie kilichotokea asubuhi wakati uko uani unaanika mashuka.

Nilikuwa nimeshafunga kibegi changu. Nikaenda kumuaga mama, nikamwambia nakwenda kulala kwa Bi Vifungo mpaka Jumapili. Akasema vizuri. Nikainama kumbusu na mkono wa kushoto ukaona mkono wake juu ya shuka. Ukaushika. Sikuwa na mpira, ulikuwa ndani ya begi.

Nikangoja. Nikajaribu kufikiria bei ya suruali ya mtoto, kama kwa daktari. Wapi. Nikasema, "Mama, samahani, ngoja nimwite mwanao anibandue."

Mama akasema, "Mwache aanike."

Akaleta mkono wake mwingine, akaanza kunibandua vidole mwenyewe. Cha kwanza. Cha pili. Alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, kama tunavyohesabu siku zote. Alipofika kidole cha mwisho akakishika kidogo kabla ya kukiacha. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa umesimama tu pembeni haufanyi kitu, akaupapasa kwa juu mara mbili.

Akasema, "Na huu nao ulikuwa umechoka. Nenda ukalale, mwanangu."

Nilitoka na begi langu, nikapita mlangoni, hakuna kilichonishika.

Bi Vifungo alikuwa amenitandikia chumba cha nyuma, amefunga pazia na amewakataza wateja wake kucheka. Nimelala tangu saa tatu asubuhi, sasa ni saa kumi jioni. Nimeamka nikakuta mkono wa kushoto umekamata ncha ya mto, umeukunja wote. Nikautazama. Sikuwa na la kufanya wala wa kumwinua.

Nikauacha, nikaandika barua hii kwa mkono wa kulia. Sasa narudi kulala.

Dada yako.